Ombi la Kumwondoa Mama Yangu katika Shamba Darasa

Abrabokrom,
Jumanne, baada ya kuanika.

Kwa Mratibu,
Mafunzo Shirikishi ya Wakulima Wadogo wa Kakao,
Wilayani.

Ndugu Mratibu,

YAH: KUMFUTA BI AKUA ACHIAA KATIKA ORODHA YA WANAFUNZI KABLA HAJAELIMIKA ZAIDI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, tena umekaa kwenye kiti chenye egemeo. Sisi huku tunakaa juu ya magogo, kwa duara, kama mwongozo wenu unavyotaka, ili pasiwe na mtu wa mbele wala wa nyuma. Migongo inauma, lakini hilo si lalamiko langu. Ningekuwa mtu wa kulalamikia mgongo ningeishia hapa na kukutakia heri.

Jina langu ni Abena Birago Ampem. Nilisoma falsafa Chuo Kikuu cha Legon kwa miaka minne, nikarudi nyumbani mwezi wa tatu. Mama yangu, Akua Achiaa, analima ekari nne za kakao. Shamba ni la ukoo, limetoka kwa bibi mzaa mama, na msemaji wa ukoo ni kaka yake mama, Mjomba Gyabaah. Mjomba anataka kuwapa shamba hilo wachimbaji wa dhahabu. Wataleta katapila, watageuza udongo, wataondoka, nasi tutabaki na mashimo yenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, kama yale ya jirani zetu ng'ambo ya mto. Sehemu ya watakachotoa, Mjomba ameahidi mbele ya watu, itanisomesha shahada ya pili. Mimi nilikubali. Naliandika hili mapema ili usije ukalisikia kwa mtu mwingine.

Kwa desturi yetu Mjomba akishasema, mama hujibu "ndiyo, Kaka", na neno limekwisha. Safari hii mama hakujibu ndiyo. Aliuliza swali. Swali hilo, Ndugu Mratibu, alilipata kwenu, na Ijumaa hii Mjomba anatakiwa kuwapa wachimbaji jibu. Ndiyo sababu ya haraka yangu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mmetuletea mwalimu asiyejua kitu.

Kabla yenu tulikuwa na mafunzo mazuri. Mara moja kwa mwaka alikuja bwana kutoka mjini, amevaa tai, akasimama mbele, akatueleza tangu saa nne hadi saa saba yale tunayokosea. Akina mama walisinzia macho wazi, ufundi ambao mimi chuoni sikuufikia hata mwaka wa nne. Mwishoni aligawa kofia. Hakuna aliyebadilika, na hakuna aliyegombana na ndugu yake. Kofia moja mpaka leo inafunika mtungi wetu wa maji, na inafaa.

Ninyi mkamleta Bi Esinam Adzraku, binti wa miaka ishirini na sita, na viatu vyake vya mpira na furushi la karatasi kubwa. Siku ya kwanza Mzee Tawiah, aliyelima kakao miaka hamsini, alimwita mwalimu. "Mimi si mwalimu, Baba," akasema. "Mimi ni mwezeshaji." Katika lugha yetu neno hilo halipo, kwa hiyo tulisubiri tuone linafanya nini. Mzee Tawiah akamwonyesha tunda lililoanza kuingia madoa meusi, akamuuliza ni ugonjwa gani. Bi Esinam akaligeuzageuza, akasema, "Ninyi mnaonaje?" Akaulizwa kwa nini miti ya kilimani haizai sana. "Ninyi mnaonaje?" Akaulizwa kama mvua itanyesha mchana ule. Nadhani hapo alitamani kujibu, lakini alijizuia.

Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa kinamwita Madamu Mnaonaje. Mzee Tawiah akaja barazani kwetu, amehuzunika kweli. "Achiaa," akasema, "mtoto wa watu huyu wamemtuma bila kumfundisha. Hata tunda lililooza halijui. Tukimwacha hivi atafukuzwa kazi."

"Basi tumsaidie," mama akamjibu. "Ana mama yake naye, anamtegemea."

Kwa hiyo walimsaidia, kwa huruma tu. Jumatano baada ya Jumatano wakulima ishirini na sita walimmiminia kila walichokijua: nani hugeuza kakao iliyovundikwa siku ya pili na nani ya tatu, mgomba gani wa kivuli usiguswe, vipi ukiligonga tunda kwa kucha unasikia kama limeiva. Yalikuwa mambo ambayo hawakuwahi kuambiana wao kwa wao, maana kila mmoja alidhani ni siri ya ukoo wake. Walibishana. Walikwenda shambani kuhakikisha. Mzee Tawiah alipanda mtini ili kumshinda mwanamke mmoja hoja, akashindwa akiwa juu hukohuko. Leo matunda yanayooza yamepungua nusu, na wao bado wanaamini kwamba aliyefundishwa ni Bi Esinam. "Sasa anaanza kuelewa," husema kwa fahari. Tafadhali usiwaambie.

2. Mama ameacha kujibu.

Zamani ukimuuliza mama chumvi iko wapi, alikuambia. Juzi nilimuuliza. Akaendelea kukoroga supu, akasema, "Umeangalia wapi mpaka sasa?" Nikamtajia mahali pawili. "Na ulipoangalia uliona nini?" Nikasema niliona hakuna chumvi.

"Hiyo si kuona, mwanangu, hiyo ni kukosa. Uliona nini?"

Nilirudi kabatini. Niliona kopo la mawese, pilipili, dagaa, panya mmoja aliyeniona pia. Nilipokuja kutoa ripoti mama alikuwa ameshika chumvi mkononi, na nadhani alikuwa nayo tangu mwanzo.

Unielewe. Tasnifu yangu ya kurasa sitini ilihusu mtu hujuaje kile anachokijua. Niliiandika kwa machozi. Mama, aliyeishia darasa la tatu, amefika palepale kwa Jumatano saba, tena akiwa na panga mkononi. Siombi fidia. Nasema tu kwamba inauma.

3. Nyumba yetu imegawanywa nusu mbili.

Bi Esinam aliwaonyesha kufunga kamba katikati ya kipande cha shamba. Nusu moja wanaendelea na mazoea, nusu nyingine wanajaribu jambo jipya, kisha wanalinganisha wenyewe bila kuambiwa ipi bora. Wazo zuri sana likibaki shambani. Mama alifunga kamba uani. Kuku wa upande wa jikoni walilishwa kama zamani, wa upande wa pili wakachanganyiwa maganda ya mayai. Supu ya mawese ikapikwa katika vyungu viwili, kimoja kwa mazoea, kingine kwa pilipili iliyochomwa kwanza, na wageni wawili waliotukuta mezani walipewa fufu ya mihogo iliyotwangwa kila mmoja kwa chungu chake, wakaombwa wasitazamane usoni hadi wamalize.

Mchungaji alipotutembelea, mama alimweleza kwa heshima zote kwamba kwa wiki nne amekuwa akihesabu wanaosinzia kanisani, siku za mahubiri marefu na siku za mafupi, lakini asingependa kumwambia ameona nini. Angependa Mchungaji ajionee mwenyewe. Mchungaji hajarudi kwa chakula. Mahubiri yamepungua kwa robo saa, na kijiji kinawashukuru kwa hilo. Nakiri kwamba jambo hili linadhoofisha hoja yangu, lakini nimefundishwa kutoficha ushahidi.

4. Mjomba amewekwa kushoto.

Jumapili iliyopita tulikuwa tumemaliza ibada ya shukrani baada ya mazishi ya dada yake bibi. Ukoo ulikuwapo, watu kumi na saba, sote katika mavazi meupe. Baada ya chakula Mjomba alisafisha koo, akatangaza habari ya wachimbaji, akamalizia: "Mnanijua, mimi sisemi mara mbili. Ijumaa nawapa jibu." Akamgeukia mama ili apokee ile "ndiyo, Kaka" yake.

Mama akasema, "Kaka, mara ya mwisho umeingia lini humo shambani, na uliona nini?"

Nilisikia mtu akiweka bilauri chini polepole. Mjomba akasema shamba lile analijua tangu hajaota meno. "Basi twende ukatuonyeshe," mama akasema. "Sisi kule kwetu Jumatano hatukati shauri kabla ya kutembea."

Kukataa kungefanana na kuogopa. Nikashuhudia ukoo wangu wote ukipanga mstari kwenye njia ya matope, wazee wameinua mapindo ya nguo nyeupe kama mabibi harusi, Mjomba akiongoza, naye akapotea mara mbili ndani ya ekari nne.

"Nani amehamisha njia?" akauliza.

"Hakuna aliyeihamisha, Kaka. Miti ndiyo imekua."

Waliporudi, mama alitandaza moja ya karatasi zenu uani, akaigandamiza kwa mawe. Kazi hiyo unaijua: katikati unachora mti kama ulivyouona, na pembeni unachora viumbe vinavyoishi humo. Mwongozo wenu, ukurasa wa kumi na nne, unaagiza: waharibifu kushoto, marafiki kulia. Nakuuliza, Ndugu Mratibu, aliyeuandika ukurasa huo amelelewa wapi? Huku hatumpi mtu kitu kwa mkono wa kushoto, hatumwonyeshi mgeni njia kwa kushoto, na mtoto akipunga kwa kushoto hupigwa kofi na mtu asiyemjua, kisha mama yake humshukuru mpigaji. Mama, kwa utii wa mwanafunzi mwema, alimchora Mjomba kushoto. Alimchora vizuri. Hata kitambi hakukisahau.

"Kushoto?" Mjomba akasema. "Mimi, tumbo moja na wewe, unaniweka kushoto?"

"Si mimi, Kaka. Ni mwongozo."

"Yaani mimi ni mdudu, Achiaa."

"Ududu si tatizo. Majimoto naye ni mdudu na tazama, yuko kulia." Kweli, alikuwa amewachora wale chungu wekundu wanaouma, safu nzima. "Anayekula mti anakwenda kushoto. Anayekula wanaokula mti anakwenda kulia. Ukitaka kuhama ni rahisi, tuambie tu unakula nini."

"Nakula fufu," Mjomba akasema.

"Haya," akasema Mama mdogo Frema kutoka nyuma. "Na fufu ya kwako huwa inatwangwa na nani, Kaka? Tuichore nayo."

Watu walicheka hadi mtoto mchanga akaamka. Mjomba hakucheka. Mimi pia sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeona kwamba kalamu bado iko mkononi mwa mama.

5. Mimi nimetiwa kwenye chupa.

Aliendelea kuwachora wote wanaoligusa shamba. Mzee Tawiah kulia, kwa kuwa hukopesha panga. Karani anayenunua kakao akachorwa kushoto, kisha akafutwa, kisha akarudishwa. Hapo Mjomba, aliyekuwa anatafuta mwenzake wa kukaa naye, akauliza, "Na Birago? Huyu msomi wako yuko upande gani?"

Mama alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. Kisha akachora chupa, na ndani ya chupa akachora kitu chenye miwani.

Wewe unajua maana yake, lakini niieleze kwa faida ya yeyote atakayefungua faili hili. Wakulima wa shamba darasa wakikuta mdudu wasiyemfahamu, hawamuui. Humtia kwenye chupa, wakafunika mdomo kwa kitambaa, wakamwekea jani la kakao na mdudu mwingine mdogo, wakasubiri waone atakula kipi. "Huyu bado hatumjui," mama aliuambia ukoo, bila ubaya wowote, kwa sauti ileile anayotumia kwa mdudu yeyote. "Tunamwangalia."

Ndugu Mratibu, shamba hilo ndilo lililonisomesha tangu darasa la kwanza. Sare yangu ya shule ilinuka kakao iliyovundikwa, wenzangu wakaniita Sikukuu, kwa sababu baba zao walinuka hivyo siku za mauzo na walikuwa na furaha. Sasa ni mtu mzima, nina shahada, na siku hizi mbili nimekaa nikijitazama ndani ya chupa ya kuchorwa. Naliona lile jani. Kila ninapogeuka naliona. Sidhani kwamba mafunzo ya kupogolea miti yanapaswa kumfikisha mtu mahali kama hapo.

6. Ukoo umepiga kura kwa mbegu.

Nilidhani mambo yameishia kwenye karatasi. Mama akaleta vibuyu viwili, akaviweka nyuma ya pazia la jikoni, akagawa mbegu moja moja ya kakao kwa kila mtu, mzee kwa kijana. Kibuyu chenye shanga ni shamba libaki. Kibuyu kisicho na shanga ni wachimbaji waje. Ndivyo Bi Esinam anavyowapima kama wamejua kutofautisha ugonjwa na ugonjwa, ili asiyejua asiaibike mbele ya wenzake.

"Tangu lini ukoo unaendeshwa kwa mbegu?" Mjomba akauliza.

"Tangu lini haukuendeshwa kwa mbegu?" akasema Mama mdogo Frema. "Hiyo nguo uliyovaa ni mbegu."

Vibuyu vikamwagwa. Kumi na nne shamba libaki, tatu wachimbaji waje. Ya kwanza kati ya hizo tatu ilikuwa ya Mjomba, aliyeitia akiwa amelifungua pazia wazi ili asidhaniwe mwoga. Ya pili ilikuwa ya Mama mdogo Frema, aliyekosea kibuyu, na mpaka leo anadai vilihamishwa. Ya tatu ilikuwa yangu.

Mjomba akasimama, akakung'uta matope kwenye nguo, akasema msemaji wa ukoo ni yeye, wala si kibuyu, na jibu la Ijumaa liko palepale. Akaondoka bila kuaga kwa mkono.

7. Mama hajaniuliza.

Hili ni lalamiko fupi kuliko yote na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mama anajua mbegu ya tatu ilikuwa ya nani. Tulikuwa kumi na saba, na hesabu hiyo haihitaji hata darasa la tatu. Mwanamke huyu anamhoji Mchungaji, anamhoji kuku, alimhoji fundi wa baiskeli mpaka fundi akapunguza bei ili aende zake. Mimi hajaniuliza kitu. Jana tumeanika kakao pamoja asubuhi nzima, tukizigeuza mbegu kwa miguu kwenye mikeka, yeye upande huu na mimi upande ule. Nilikuwa na majibu tayari. Nilikuwa nimeyapanga kwa hoja tatu na hitimisho. Nilipoanza mwenyewe, "Mama, kuhusu Jumapili," akasema, "Geuza na zile za pembeni, zinalowa." Mkimfundisha mtu kuuliza, Ndugu Mratibu, mnawajibika pia kwa yale anayoyaacha.

Sasa tazama mbele, kwa kuwa wewe ni kiongozi. Leo wanahesabu madoa kwenye matunda. Kesho watainama kuchungulia chini ya mizani ya karani. Keshokutwa watajiuliza ile bei hupangwa na nani, naye alipoipanga alikuwa ameona nini. Na siku moja utafika hapa na gari lako, watakupa gogo la kukalia, na mwanamke mmoja mwenye kitambaa cha njano kichwani atakuuliza kwa adabu sana mara ya mwisho umetembea lini shambani. Nimekuonya.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo. Bi Akua Achiaa aondolewe katika shamba darasa kabla ya Jumatano ya kesho, na kama taratibu haziruhusu, basi apewe cheti haraka, kwa kuwa nimeona watu wengi wakiacha kufikiri mara tu wapatapo cheti. Mimi mwenyewe ninacho kimoja. Ukurasa wa kumi na nne urekebishwe, wadudu wapangwe juu na chini, ingawa najua hata hapo kuna mtu atakayekasirika. Bi Esinam aruhusiwe kujibu walau swali moja kwa wiki, hata la mvua litatosha. Na yule bwana wa tai arudishwe na kofia zake, azungumze mpaka saa saba, tumpigie makofi, tusahau, turudi kuwa ukoo unaosema ndiyo, ili Ijumaa ipite salama na mimi niende shule.

Nisalimie wote hapo ofisini, wakubwa kwa wadogo. Msalimie dereva wa pikapu yenu, ambaye hufunga kioo tukimpungia, mwambie vumbi si letu. Wasalimie mkeo na watoto, ambao siwajui lakini nawatakia mema. Mzee Tawiah anawasalimu, anauliza kama yule binti mmemwongezea mshahara, maana amejitahidi. Mama naye anakusalimu. Anadhani naandika kuomba kazi.

Ni mimi mlalamikaji, ninayeangaliwa kwa sasa,

Abena Birago Ampem

Nyongeza. Alhamisi asubuhi.

Jana sikupata mtu wa kunipelekea barua hii, na leo mambo yamekuwa mengine.

Alhamisi huku kwetu ardhi hupumzika. Hakuna mtu wa Abrabokrom anayekanyaga shamba siku hii wala kushika jembe, na imekuwa hivyo tangu kabla ya kakao yenyewe kufika. Wachimbaji wanalijua hilo, maana ndiyo siku waliyochagua kuleta katapila. Mjomba anaapa kwamba hakuwaambia waje leo. Anasema aliwaambia waje wakati wowote.

Kuingia shambani kuwazuia kungekuwa kuvunja mwiko. Kwa hiyo mama amebeba kigoda chake akakaa barabarani, hatua mbili kabla ya mti wa kwanza, kwa maelezo kwamba barabara ni ya serikali na ya serikali haipumziki. Wenzake ishirini na watano wamemfuata. Wamekaa kwa duara, kama mlivyowazoesha, na kwa kuwa barabara ni nyembamba, duara limeziba pande zote mbili. Dereva wa katapila amepiga honi mara tatu. Kisha mama akampelekea maji, kwa sababu mgeni hasemeshwi kabla hajanywa, na alipokwisha kunywa akamuuliza kama tunavyomuuliza kila anayetufikia, hata tukiwa tunajua: "Sisi huku ni wazima. Wewe, mwanangu, umekuja na habari gani?"

Swali hilo kwa mila hujibiwa kwa kirefu, kuanzia nyumbani ulikotoka, na kijana amelelewa vizuri. Ameshuka kwenye mtambo ili asimjibu mtu mzima akiwa juu. Ameanzia kwao, ambako baba yake pia alikuwa na kakao. Mjomba yupo, amesimama kwenye kivuli cha katapila, ila maji ameyapokea.

Nakuandikia juu ya goti, katikati ya Mzee Tawiah na Mama mdogo Frema, ambao wamesogea ili nipate nafasi. Mama aliniona nikija na kigoda, akatazama pembeni. Naomba usifanyie kazi neno lolote nililoandika hapo juu. Naomba uje mwenyewe, leo hii, na yeyote mwenye mhuri, na mkija mpitie njia ya juu, kwa sababu ya chini tumeifunga.

Kijana amezima mtambo ili tumsikie vizuri. Alipofika mwisho wa habari zake kila mtu alitazama mikono yake, na nikaona anageukia ngazi ya kupandia mtambo. Nimemuuliza ana ndugu wangapi. Amesema tisa, na ameanza na wa kwanza.